Ulimi wa Mbwa Mchunga: Kasoro ya Kuzaliwa Inayomtia Dhiki Katika Joto la Busia na Tororo

Saa sita za mchana mjini Busia, jua linapokuwa utosini na malori yamejipanga kungoja zamu ya kuvuka mpaka, yupo mfanyakazi mmoja asiyeweza kufungua vifungo vya shati wala kujifuta jasho kwa leso. Mfanyakazi huyo ni mbwa. Awe ni mbwa wa polisi anayenusa mizigo, au mbwa wa nyumbani aliyejilaza chini ya mwembe upande wa Tororo, njia yake kubwa ya kujipoza ni moja tu, nayo ni ulimi. Anapoutoa nje, ukaning'inia hali mate yakimchuruzika, wengi hudhani kwamba amechoka au ana kiu. Kwa kweli wakati huo anafanya kazi ile ile ambayo ngozi ya binadamu huifanya kwa jasho.

Basi na ifikiriwe hali ya mbwa aliyezaliwa na ulimi usioweza kuvuka meno yake ya mbele. Kilema hicho kipo. Ni cha nadra, lakini kimeelezwa na madaktari wa mifugo hasa miongoni mwa mbwa wa kuchunga, na anayekipata huingia katika dhiki ambayo mwenyewe hawezi kuisema na bwana wake aghalabu haitambui. Huambiwa ni mvivu, au ni mkaidi. Wako pia wanaopigwa.

ASILI YA MBWA WACHUNGA

Mbwa wachunga si kabila moja. Yule ajulikanaye zaidi katika vikosi vya Afrika Mashariki ni shepadi wa Kijerumani, ambaye historia yake yawahusu askari moja kwa moja. Aliyemtengeneza alikuwa mwanajeshi, Kapteni Max von Stephanitz wa jeshi la farasi la Ujerumani. Mwaka 1899 alimnunua mbwa mmoja wa kuchunga kondoo, akamwita Horand von Grafrath, akamfanya kuwa baba wa kizazi kizima, kisha akaanzisha chama cha wafugaji wa mbwa hao. Kazi ya kuchunga kondoo ilipoanza kupungua, alizishawishi idara za polisi na jeshi zimjaribu mbwa wake. Vita Kuu ya Kwanza ikamtangaza duniani kote. Waingereza, kwa chuki ya vita, hawakutaka hata kulitamka jina la Ujerumani, wakambandika jina la Alsatian, na ni mwaka 1977 tu ambapo chama chao cha mbwa kilimrudishia jina lake rasmi. Wazee wengi wa Kenya na Uganda waliotumika zamani hizo wangali wakimwita hivyo.

Yuko tena mbwa mchunga wa Uturuki, mkubwa, mwenye rangi ya mchanga na uso mweusi, ambaye kazi yake si kuwasukuma kondoo bali kuwalinda na mbwamwitu. Huyo huitwa Kangal au mbwa mchunga wa Anatolia. Barani Afrika amejulikana zaidi nchini Namibia, ambako tangu mwaka 1994 wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa hao ili wawakinge mbuzi na kondoo wao dhidi ya duma, pasipo haja ya kuwapiga duma risasi. Ni katika jamaa ya mbwa hao wa Uturuki ndimo kasoro ya ulimi ilimoelezwa kwa makini. Mwaka 2003 madaktari wa mifugo wa Uturuki walitoa taarifa ya mbwa 3 waliokuwa wa ukoo mmoja, wote wakiwa na ndimi zilizofungwa kabisa upande wa chini. Kwa kuwa walikuwa ndugu, ilidhihirika kwamba jambo hilo huenda likarithiwa.

Huko Busia na Tororo mbwa wengi si wa mbegu moja. Mbwa wa kienyeji, ambaye Wasamia humwita imbwa na Wajapadhola humwita gwok, amechanganyika na mashepadi walioletwa na watumishi wa serikali, wafanyabiashara na mashirika ya ulinzi. Busia ni mji mmoja wa maisha na miji miwili ya serikali. Hata Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo mpaka mwaka 1997. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa ng'ambo moja huweza kufugwa ng'ambo ya pili kabla hajafumbua macho vizuri, na mama yake asijulikane tena. Mahali pa namna hiyo uchunguzi wa mtoto wa mbwa hubaki mikononi mwa yule anayempokea.

ULIMI HUPOZAJE MWILI?

Mbwa ana tezi chache za jasho katika nyayo zake, lakini hizo hazifui dafu mbele ya joto kali. Mwili wake mzima umefunikwa manyoya, na shepadi ana manyoya ya tabaka mbili. Kwa hiyo maumbile yamempa njia nyingine, nayo ni kutweta. Mbwa aliyepumzika huvuta pumzi kati ya 10 na 30 kwa dakika. Anapotweta, hesabu hiyo hupanda kufikia 300 na zaidi. Mtu akijaribu kufanya hivyo ataanguka kwa kizunguzungu, lakini mbwa huweza kwa kuwa kifua chake hutikisika kwa mwendo wake wa asili, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake, na misuli haipati taabu kubwa.

Mwaka 1970 mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen na wenzake walionyesha kwamba mbwa anayetweta huvuta hewa zaidi kwa pua na kuitoa zaidi kwa mdomo. Hewa hiyo hupita juu ya pua ya ndani na ulimi uliolowa mate, ikayakausha, na joto likaondoka pamoja na mvuke. Wakati huohuo mishipa ya ulimi hupanuka, damu yenye joto ikamiminwa humo kwa wingi, ikapozwa na kurudi mwilini. Ndiyo maana ulimi wa mbwa aliyekimbia huonekana mpana, mwekundu na mzito kuliko alipokuwa amelala. Umejaa damu iliyokuja kupoa.

Hapa pana jambo linalohusu hali ya hewa ya mpakani. Busia na Tororo ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua lake si kali kama la jangwani. Lakini ziko karibu na Ziwa Viktoria, tena nyanda zake za chini zina vinamasi, na mvua za Machi hadi Mei huijaza hewa unyevu. Mate hayakauki upesi katika hewa yenye unyevu, kama vile nguo zilizoanikwa zisivyokauka siku ya mawingu. Mbwa hutweta sana na kupoa kidogo. Siku ya nyuzi 29 yenye mvuke humtaabisha kuliko siku ya joto kubwa zaidi yenye upepo mkavu.

KASORO YENYEWE

Chini ya ulimi wa kila mnyama anyonyeshaye upo utando mwembamba unaouunganisha ulimi na sakafu ya mdomo. Kwa kawaida utando huo hukoma nyuma kidogo, ncha ya ulimi ikabaki huru. Kwa mbwa mwenye ulimi uliofungwa, utando huo umeendelea mpaka kwenye ncha au karibu nayo. Anapojaribu kuutoa ulimi, katikati huvutwa nyuma na pande mbili zikasonga mbele, ncha ikaonekana imechanika mfano wa herufi W. Ulimi haupiti meno ya chini. Kilema hiki ni ndugu wa kile kionekanacho kwa baadhi ya watoto wachanga wa binadamu, ambao hushindwa kushika titi barabara.

Ipo pia kasoro nyingine, mbaya zaidi, iliyoelezwa huko Marekani mwaka 1971. Mtoto wa mbwa huzaliwa na ulimi mwembamba ambao kingo zake zimejikunja kwa ndani, ukafanana na ulimi wa ndege, na kwa jina hilo ndivyo unavyoitwa. Huyo hawezi kunyonya wala kumeza, naye hufa katika siku za mwanzo. Kasoro ya ulimi wa ndege hurithiwa kwa siri. Baba na mama huonekana wazima, kila mmoja amebeba nusu ya dosari, na nusu hizo zikikutana katika mtoto, kilema hutokea. Wafugaji wa ng'ombe wanaifahamu habari hii vyema, maana dume mmoja mwenye dosari iliyofichika akipandishiwa binti zake mwenyewe, ndama walemavu huanza kuonekana ghafla, na watu wakaanza kutafuta mchawi.

Dume mmoja wa shepadi akiwa ndiye pekee mtaani, naye akaazimwa huku na huko miaka nenda miaka rudi, hatimaye atawapanda wajukuu zake. Hatari hiyo si ya Uturuki tu.

DHIKI ISIYOSEMEKA

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, mwili umo hatarini. Likikaribia 43, chembe za mwili huanza kuharibika, nazo ni za utumbo, ini, figo na ubongo. Mbwa mzima anayekimbia huzalisha joto jingi kwa misuli yake, lakini huligeuza mvuke kwa kutweta. Mbwa mwenye ulimi uliofungwa hutweta vilevile, mdomo wazi, ila uwanja wake wa kupozea ni mdogo. Ulimi haujitandazi wala haupati upepo. Humlazimu atwete kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi, na misuli ile ya pumzi nayo huongeza joto lake. Ni kama mtu anayejipepea kwa kipepeo cha moto.

Tena hana msaada wa maji. Mbwa hanywi kwa kufyonza kama ng'ombe. Huutupa ulimi, akaukunja ncha kwa nyuma mfano wa kijiko, akauvuta juu kwa haraka hata maji yakapanda kama nguzo nyembamba, naye akaidaka kwa taya. Ulimi uliofungwa haukunjiki namna hiyo. Mbwa huyo hutumbukiza pua na midomo ndani ya chombo, akameza kidogo, akakohoa, akaacha. Bwana wake akitazama, husema kwamba maji amepewa akayakataa.

Mwili ukiwa katika hali hiyo, tezi zilizo juu ya figo hutoa vichocheo vya hatari, adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari ya damu hupanda, chakula hakisagwi sawasawa. Kwa muda mfupi vichocheo hivyo ni mlinzi mwema. Vikitoka siku baada ya siku, kinga ya mwili hupungua, majeraha huchelewa kupona, na tabia hubadilika. Mbwa huhangaika na kuzungukazunguka, hubweka bila sababu, huwa mwepesi wa kuuma. Jambo jingine ni kwamba mbwa hutumia ulimi kusema. Ajilambapo pua mbele ya mbwa mkubwa au mtu mkali, hujulisha kwamba hataki ugomvi. Asiyeweza kujilamba huikosa ishara hiyo, na haitakuwa ajabu akiandamwa na mbwa wenzake kwa jeuri ambayo hakuikusudia.

Kwa askari, hasara yake ni ya kazi pia. Mwaka 2003 watafiti wa Israeli waliwapima mbwa wa kunusa baruti baada ya kuwakimbiza. Kadiri mbwa walivyotweta, ndivyo uwezo wao wa kugundua baruti ulivyopungua, kwa maana pumzi ya kutweta na pumzi ya kunusa hazifanyiki kwa pamoja. Mbwa anayeshindwa kupoa, basi, ni mbwa anayeshindwa kunusa. Kifurushi kitapita Busia au Malaba mbele ya pua yake, na lawama zitamwangukia yeye na askari aliyemshika.

UCHUNGUZI WA MTOTO WA MBWA

Siku za mwanzo hazihitaji chombo chochote cha hospitali. Mtoto wa mbwa aliye mzima akitiwa kidole safi mdomoni hukifyonza kwa nguvu, na ulimi wake hukikumbatia kidole kwa kingo zake. Mlemavu hutafuna tu, au maziwa humtokea puani. Njia nyingine ni mizani ya duka. Mtoto wa mbwa anatazamiwa kuongezeka uzito mara mbili kati ya siku ya 7 na ya 10 tangu kuzaliwa. Yule anayelia usiku kucha, tumbo bapa, wakati ndugu zake wamelala wakiwa wameshiba, achunguzwe mdomo kabla mama yake hajasingiziwa kwamba hana maziwa.

Wiki ya nne na ya tano, watoto wanapofundishwa kula, kasoro huonekana wazi. Wapewe uji mwepesi katika sahani bapa. Wanaoulamba ni wazima. Anayechovya uso mzima na kutoka akiwa amepakaa uji mpaka masikioni, ilhali tumbo ni tupu, afunguliwe mdomo na atazamwe chini ya ulimi penye mwanga. Askari anayechagua mbwa wa kazi naye na afanye hivyo hivyo, pamoja na kumtazama mbwa akitweta baada ya mchezo wa dakika chache kivulini. Ulimi unapaswa kuvuka meno na kuning'inia. Kumchunguza masikio, miguu na mkia, ukamwacha ulimi, ni kununua baiskeli bila kutazama breki.

Walakini kilema cha ulimi uliofungwa si hukumu ya kifo. Mwenye utando mfupi kiasi huishi maisha yake yote nyumbani bila kujulikana. Chakula chake kiwe laini, mathalani ugali uliolainishwa kwa supu ya omena, samaki wale wadogo ambao upande wa Uganda huitwa mukene, ukafanywa madonge anayoweza kuyadaka kwa meno. Maji yake yatiwe katika sufuria yenye kina, imejaa, ili yafike midomoni bila ulimi kunyooshwa. Kazi yake iwe ya usiku. Mlinzi wa zizi au wa ua hahitaji kukimbia mchana.

WEMBE USITUMIKE

Aonaye utando huo hujiwa na wazo la kuukata kwa wembe, na ni wazo la hatari. Chini ya ulimi hupita mishipa mikubwa ya damu, na hapohapo ndipo mifereji ya mate inapofungukia. Kosa la upana wa ukucha huleta damu isiyozuilika, au huziba mfereji, mate yakajikusanya na kufanya uvimbe kama wa chura chini ya ulimi. Tena utando uliokatwa tu bila kushonwa huweza kushikamana upya ukawa mnene kuliko mwanzo. Daktari wa mifugo humlaza mbwa kwa nusukaputi, hukata kwa kipimo, kisha hushona kwa namna ya kuurefusha ule utando. Si upasuaji mkubwa. Baada yake ni siku kadhaa za chakula laini.

Historia ya wembe chini ya ulimi wa mbwa ni ndefu na ya kusikitisha. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika kwamba katika ulimi wa mbwa mna kijidudu ambacho kikitolewa angali mdogo, hapatwi na kichaa. Ulaya iliendelea kuwakata watoto wa mbwa kwa sababu hiyo mpaka karne ya 19. Kumbe kile kilichodhaniwa ni mdudu ni kijiti laini cha mafuta na misuli, ambacho kila mbwa huzaliwa nacho ndani ya ncha ya ulimi. Hakina uhusiano wowote na kichaa.

MATE YA KASORO NA MATE YA KICHAA

Kichaa chenyewe ndicho sababu ya tahadhari iliyo kubwa kuliko zote katika habari hii. Mbwa mwenye ulimi uliofungwa hutokwa mate ovyo, hushindwa kunywa, na hali yake huonekana kama kwamba koo limezibwa. Hizo ni dalili zilezile za mbwa mwenye kichaa, ambaye misuli ya koo na taya imepooza. Tofauti iko katika wakati. Kasoro ya kuzaliwa huwapo tangu utotoni na haibadiliki. Kichaa huja ghafla kwa mbwa aliyekuwa mzima jana, kikaandamana na mabadiliko ya sauti na ya mwendo, ukali au unyonge usio wa kawaida, na mbwa hufa katika siku chache.

Kwa hiyo maneno yaliyosemwa juu ya kumfungua mbwa mdomo ni kwa mtoto mchanga wa mbwa wa nyumbani au mbwa aliyechanjwa na anayefahamika. Mbwa mgeni anayetokwa mate, hata akiwa mpole namna gani, asitiwe mkono mdomoni, wala mtoto asitumwe kutazama kama ameng'ang'aniwa na mfupa. Huko ndiko watu walikopatia kifo. Kenya iliandika kisa chake cha kwanza cha kichaa cha mbwa mwaka 1912, na mwaka 2014 ikatangaza mpango wa kuukomesha ugonjwa huo kwa binadamu unaotokana na mbwa ifikapo 2030. Virusi havijui mpaka. Chanjo ya mbwa wa Busia moja isipokwenda pamoja na ya Busia ya pili, kazi ni ya kutwanga maji. Aliyeumwa au kulambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo apate sindano. Dalili zikishaanza, hakuna dawa.

Iko homa nyingine ya kienyeji inayoweza kumfanya mbwa atwete kivulini bila kazi. Tororo inafahamika kwa utafiti wa mbung'o na malale. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki. Vimelea vinavyoenezwa na mbung'o humwua ng'ombe kwa nagana, na mbwa naye huvipata, akawa na homa, akakonda, na macho yake yakafanya ukungu. (Ni bahati tu ya majina kwamba mbung'o kwa kisayansi huitwa Glossina, neno lililotoka katika Kigiriki kwa maana ya ulimi.) Mbwa mwenye macho ya ukungu apelekwe akapimwe damu, asidhaniwe ana ulimi mbovu.

KILEMA CHA KUTENGENEZWA

Kwa kila mbwa mmoja aliyezaliwa amefungwa ulimi, wako wengi waliofungwa na binadamu. Kamba inayozungushwa mdomoni ili mbwa asibweke, au kifungo cha ngozi kinachobana taya zote mbili, humfanya mbwa mzima awe sawasawa na yule wa Uturuki. Ulimi hautoki, mate hayakauki, maji hayanyweki. Kumfunga hivyo kwa dakika chache wakati wa kumchoma sindano ni sawa. Kumwacha hivyo ndani ya gari lililofungwa madirisha, foleni ikiwa haisogei, ni kumwua. Kikapu cha mdomo, kile cha waya au plastiki kilicho wazi mbele, humzuia kuuma lakini humwachia nafasi ya kufungua taya na kutweta. Familia zinazoishi katika kambi za polisi na jeshi ziwaangalie watoto, kwani mchezo wa kumfunga mbwa mdomo kwa mpira au kitambaa huonekana wa kuchekesha, naye mbwa hawezi kulia.

Dalili za kushikwa na joto ni hizi: ulimi na fizi huwa nyekundu mno kisha zikageuka rangi ya udongo, mate huwa mazito kama gundi, miguu hulegea, mbwa hutapika au huhara, macho hukodoka bila kutambua jina lake. Zamani wenye mbwa walikatazwa kutumia maji baridi, wakashauriwa kumbeba upesi wampeleke kwa daktari. Siku hizi madaktari hufundisha kinyume chake, kwamba apozwe kwanza na kusafirishwa baadaye. Awekwe kivulini, amwagiwe maji mengi mwili mzima, maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake, huku akipepewa kwa gazeti, bati au mlango wa gari. Taulo lililolowa lisifunikwe juu yake na kuachwa, maana huzuia joto kutoka. Akiweza kunywa, apewe maji kidogo kidogo, lakini asimiminiwe kooni, hasa yule mwenye kasoro ya ulimi, kwa kuwa yatamwingia mapafuni.

Baada ya hapo ndipo apelekwe kwa daktari wa mifugo, hata kama amekwisha simama na kutikisa mkia. Madhara ya figo na ini, na ya damu kushindwa kuganda, mara nyingi hujitokeza siku ya pili au ya tatu, mbwa akiwa tayari amerudishwa kazini.